Ndugu wa Ghala la Kahawa

Nimeangushwa na watu wengi maishani, na wengi wao niliwafundisha mwenyewe namna ya kuniangusha. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua mpaka leo, mzee mzima wa kutembea na fimbo, ni asubuhi moja pale ghalani ambapo vijana wangu wote walikataa kuangushana, nami nikabaki mdomo wazi mbele ya mgeni wa serikali, sijui nani kaniroga.

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa askari polisi Dar es Salaam, na huko ndiko nilikojifunza judo. Niliupenda mchezo ule tangu siku ya kwanza, maana mtu mfupi mwenye hasira za karibu kama mimi hana mahali pengi pa kuheshimiwa. Ila mdomo wangu na upolisi havikuelewana. Nilimjibu mkubwa mmoja jibu ambalo silirudii hapa, nikajikuta narudi nyumbani Rubafu na sanduku langu la bati. Mama alinipikia ndizi, akanitazama nikila, kisha akaniuliza huko mjini nimejifunza kazi gani. Nikamwambia nimejifunza kumbwaga mtu chini bila kumuumiza. Mama akaacha kupepea moto. "Na hiyo nayo ni kazi, mwanangu?"

Ikawa kazi. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kupangwa nilikuwa nimeshaoa, tukahamia kijiji kimoja upande wa Muleba. Pale palikuwa na ghala la zamani la kahawa, limebaki tupu tangu jengo jipya liliposimama kando ya barabara kuu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kicheko kikubwa na woga mkubwa zaidi, aliniruhusu kulitumia ili vijana wasishinde kilabuni. Hilo tu. Hakuna aliyenipa cheo wala kibali. Vijana walikuja wawili, kisha wanne, kisha ukuta mzima wa ghala ukawa umetundikwa makoti yao.

Makoti yenyewe yalikuwa magunia ya kahawa. Mke wangu aliyakata na kuyashona mikono, akaweka kaniki shingoni ili yasichubue ngozi. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopasuka, ya kumvunja mtu mgongo, kwa hiyo tulitandika nyasi. Kwetu Wahaya nyumba yenye heshima hutandikwa nyasi, na hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kuzilaza. Vijana walikwenda kuzikata rweya, kule nyikani nje ya vibanja vya migomba, wakazilaza nene mpaka ukianguka unasikia kishindo kwanza, maumivu baadaye. Nilikuwa mkali. Asiyeinama kusalimu mlangoni nilimrudisha kwao. Aliyemcheka mwenzake kwa kuanguka nilimwangusha mimi mwenyewe, na sikumwangusha polepole.

Wawili walikuwa bora kuliko wengine. Mmoja alikuwa fundi baiskeli, jitu refu lenye mikono ya mafuta, mpole mpaka anywe. Wa pili alikuwa mtoto wa katekista wa Kikatoliki, mwembamba, mwepesi, na mwenye ulimi kama wangu. Walipokamatana, wengine wote waliacha mazoezi wakatazama. Nilikuwa nikiwaangalia wale wawili na kujiambia kwamba hata nikifa kesho, judo imeshafika Muleba.

Ndipo maneno yakaanza. Wazee wengine walisema nafundisha watoto kupiga baba zao. Mwingine akasema nina jeshi langu. Maneno ya kijijini hayaendi kwa miguu. Yalifika Bukoba mjini, na Mwenyekiti akaletewa ujumbe kwamba mkubwa mmoja atakuja kukagua. Akiona ni mafunzo ya kulisaidia taifa, vijana wataingizwa kwenye mgambo na ghala litakuwa letu. Akiona ni genge, ghala litawekwa mbolea, na mimi nitapelekwa mjini kujieleza. Mwenyekiti aliniambia haya akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mwalimu, waitu, usiniangushe," akasema, na waitu kwetu ni "wa kwetu", neno la heshima. Sikucheka, ingawa kwa siku nyingine ningecheka.

Wiki hiyohiyo, wale wawili wakapigana kilabuni. Si judo. Walipigana kihuni, kwa ngumi na kibuyu cha orubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya neno ambalo kesho yake hakuna aliyelikumbuka. Fundi baiskeli alimpasua mwenzake mdomo. Mbaya zaidi, ghala zima liligawanyika: hawa wa fundi, wale wa mtoto wa katekista. Niliposikia, damu ilinichemka. Niliwasimamisha wote ukutani nikawafokea mpaka sauti ikakauka.

"Mgeni anakuja kutafuta genge," nikawaambia, "na ninyi mnamtengenezea! Sitaki samahani za mdomoni. Nendeni mkapatane kama wazee wetu walivyopatana. Mtu asirudi hapa mpaka awe ndugu wa mwenzake kweli kweli."

Walikwenda. Waliporudi, sikuamini macho yangu. Wale wawili walikuwa wanakula muwa mmoja, huyu anauma, anampa yule. Vijana waliokuwa hawasalimiani sasa walikuwa wanachukuliana mizigo ya nyasi. Siku hizo hatukufanya mazoezi ya kushikana, maana kulikuwa na kazi ya kufagia ghala, kutandika nyasi mpya na kushona magunia yaliyochanika. Nilizunguka katikati yao kifua mbele. Nilimwambia mke wangu kwamba ukali una faida yake. Yeye akasema, "Wamekuwa wapole mno. Kuna kitu." Nikamwambia aendelee kushona.

Mgeni alikuja asubuhi, gari lake limejaa tope mpaka milangoni. Alikuwa mtu wa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, hasemi sana. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wa shule wakajazana madirishani. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuhusu kujitegemea, kisha akampa mgeni kiti, akampa na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyomkaribisha mtu yeyote. Mgeni akatafuna, akanitazama.

"Haya, Ndugu Mwalimu. Tuone hao vijana wako."

Nikawaita wale wawili. Wakatoka mstarini, wakainamiana vizuri kabisa, wakashikana kola za magunia. Nikapiga kofi moja kuashiria waanze.

Hawakuanza.

Nilidhani hawakusikia. Nikapiga tena. Walikuwa wameshikana, uso kwa uso, na hakuna aliyesogeza hata mguu. Kidevu cha fundi baiskeli kilikuwa kinatetemeka. Jitu lile, ambalo lingeweza kuinua gurudumu la lori peke yake, lilikuwa linatetemeka kidevu mbele ya mwenzake mwembamba!

"Anzeni!" nikasema.

Dirishani mtoto mmoja akacheka, na wenzake wakapokea. Mgeni aliacha kutafuna.

"Hawa wanacheza dansi?" akauliza.

Nilisikia masikio yakiwaka moto. Nikawarudisha mstarini kwa jicho ambalo wangelielewa baadaye, nikawaita wengine wawili. Hawa hata kola hawakushikana vizuri. Walishikana kama watu wanaosaidiana kuvuka mto, wakasimama. Nikaita wengine. Mmoja wao akaketi chini kwenye nyasi, akainamisha kichwa, basi. Nimeona mengi nikiwa polisi, nimeona na watu wakikataa amri, lakini anayekataa huwa na kiburi usoni. Vijana wangu hawakuwa na kiburi. Walikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kuniogopa mimi. Nilimtazama Mwenyekiti, naye alikuwa ameshavaa kofia yake, tayari kutonijua.

Mtoto wa katekista alinisogelea. Mdomo wake bado ulikuwa na kovu bichi la kilabuni. Akaninong'oneza kwa Kihaya, ili mgeni, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, asielewe: "Mwalimu, tumefanya omukago. Wote."

Macho yangu yakashuka tumboni mwake.

Kwa asiyejua, omukago ni udugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala pamoja. Watu wawili hugawana punje hizo. Kila mmoja huchanjwa kidogo tumboni, punje hupakwa damu yake, na mwenzake huimeza nzima kutoka kiganjani. Kuanzia hapo ninyi si marafiki tena. Kwako ni kwake, na mamako ni mamake. Babu yangu alikuwa na ndugu wa namna hiyo, mtu wa Maruku, aliyekuwa akiingia nyumbani kwetu na kufunua chungu bila kuomba, na bibi hakuthubutu kunung'unika. Na sheria yake kubwa kila Mhaya anaijua: ukiinua mkono juu ya ndugu yako wa omukago, ile punje uliyoimeza itavimba tumboni mwako mpaka ikuue. Mapadre waliikataza, wachungaji waliikataza, shule ikaicheka, na mimi niliyelelewa Kilutheri nilidhani imekwisha pamoja na wazee. Nilidhani vibaya.

"Nani aliwafanyia?" nikamuuliza, meno yamebana.

"Babu yake fundi. Ulisema tupatane kama wazee walivyopatana."

Nilikuwa nimesema. Mungu wangu, nilikuwa nimesema hivyo, kwa sauti, mbele yao wote!

"Na judo? Hamkufikiria judo?"

"Tulidhani mchezo hauhesabiki," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Jana ndipo tukamuuliza Babu. Akasema mkono ni mkono."

Hebu nifikirieni nimesimama pale. Nyuma yangu mkubwa wa serikali aliyetoka Bukoba kutafuta genge la siri. Mbele yangu vijana waliochanjana matumbo na kulishana damu, kila mmoja na wenzake wote. Nikisema ukweli nimekwisha, nao wamekwisha pamoja nami. Nisiposema, ghala ni la mbolea. Nimewahi kuelekezewa bunduki Dar es Salaam na mlevi mmoja wa bandarini, na sikushtuka nilivyoshtuka asubuhi ile.

"Ndugu Mwalimu," mgeni akasema nyuma yangu, taratibu sana, "kuna tatizo?"

Ndipo fundi baiskeli akatoka mstarini. Sikumwita. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akainama kwa heshima zote, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "Mwalimu, wewe hukuwepo."

Mgeni bila shaka hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilikuwa mtu pekee ndani ya ghala lile ambaye hakumeza kitu. Kabla sijasema neno alishaikamata kola yangu ya gunia, akageuka, akanitia mgongoni, na nikaona paa la mabati likinipita. Alinibwaga katikati ya nyasi kwa kishindo kilichonyamazisha madirisha yote. Mtupo ule nilimfundisha mwenyewe kwa mwaka mzima, na mwaka mzima alikuwa akiukosea. Siku ile hakuukosea.

Nililala chali nikitazama mabati. Nadhani nilisema, "Haa!"

Nikasimama. Mtoto wa katekista alikuwa ameshainama, anasubiri. Akanipiga ngwala safi, nikaenda tena. Nikasimama. Akaja mwingine. Kisha vijana wote wakapanga mstari bila kuambiwa, kila mmoja anainama, ananibwaga, ananisaidia kuinuka na kumpisha mwenzake. Ile hofu usoni mwao ilikuwa imeyeyuka kabisa. Mmoja, aliyekuwa hajawahi kumwangusha hata mbuzi, aliniangusha, kisha akanitazama pale chini kwa mshangao mkubwa kuliko wangu. Kuna waliotumia mitupo ambayo sikujua kwamba wanaijua. Nilikiona cha mtema kuni. Nyasi zilinijaa masikioni na kwenye nywele, gunia langu likachanika bega, na huko nje wanawake walikuwa wanapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Mgeni alisimama. Alikuwa anapiga makofi.

"Hii," akawaambia watu, "hii ndiyo siasa yetu! Mmeona? Kiongozi anayekubali kuangushwa na watu wake, na hakasiriki!"

Mimi nisikasirike! Mwenyekiti alivua kofia, akanikumbatia na nyasi zangu, akamweleza mgeni kwamba utaratibu huo tulikuwa tumeupanga pamoja tangu mwanzo. Mgeni akasema ghala libaki kwa vijana, na mbolea itafutiwe mahali pengine. Kisha akachukua punje nyingine ya kahawa kikapuni, akaitafuna, akaingia garini. Nilipoiona ile punje ikiingia mdomoni mwake niligeuza uso, sijui kwa nini.

Watu walipotawanyika nilibaki nimekaa kwenye nyasi, viungo vyote vinauma, natafuta maneno ya kuwatukana. Vijana walikuja wakanizunguka. Walikuwa na yule babu mwenyewe, mzee mdogo aliyejifunga shuka, ambaye alinipa mkono na kuniuliza habari za nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kiganjani alikuwa na tunda moja bivu la kahawa, jekundu, na wembe kwenye kipande cha gazeti.

"Wamekuja kukuomba," Babu akasema. "Wanasema wamekupiga asubuhi nzima, na haipendezi kumpiga mtu asiye wako. Wanataka uwe wao."

Nilimtazama fundi baiskeli. Alikuwa ameshainua gunia lake, tumbo wazi, tayari. Alikuwa anatabasamu. Hakuna mtu aliyewahi kunitabasamia vile, hata mke wangu siku ya harusi.

Na mimi nikahesabu haraka kama mwalimu anavyohesabu. Nikimeza punje ile, hakutakuwa na mtu hata mmoja ndani ya ghala anayeweza kuangushwa. Wao kwa wao haiwezekani. Na mimi pia haitawezekana. Tutakuwa ndugu tuliovaa magunia, tunainamiana mlangoni na kurudi nyumbani. Shule ambayo mgeni ametupa, hata mlio wa gari lake haujapotea, itakuwa imekufa, na atakayekuwa ameiua ni mimi.

"Siwezi," nikasema. "Mkinipata mimi, mtakosa judo."

Fundi baiskeli alishusha gunia lake polepole, akakaza mshipi. Babu alilifunga tunda kwenye pindo la shuka. Alisema tu, "Umechagua, waitu," na akaniaga kwa adabu.

Shule ilidumu miaka mingi. Vijana wapya walipokuja niliwakataza omukago kabla sijawafundisha hata kuinama, na wale wa mwanzo wakawa walimu wao. Lakini wao kwa wao hawakushikana tena kamwe. Walipotaka mazoezi ya kweli walinijia mimi. Niliangushwa na watu wale mpaka mvi zikanitoka, na nilijivunia. Niliamini kwamba mtu anayekujua mgongo, nyonga na pumzi yako kwa miaka yote hiyo hahitaji punje ya kahawa ili awe ndugu yako.

Kisha fundi baiskeli akafa, ghafla, akiwa bado na nguvu zake. Nilipata habari nikiwa sokoni Bukoba, nikarudi kwa gari la kwanza nililoliona. Nilikuta watu wamejaa kibanjani kwake, wake kwa waume, wamekaa chini ya migomba. Wenzake wa ghalani walikuwa ndani wanamwosha, maana hiyo ni kazi ya ndugu. Niliwasikia wakisemezana polepole nyuma ya ukuta. Nilivua viatu, nikakunja mikono ya shati, nikaenda mlangoni. Nani angejua kuugeuza mwili ule kuliko mimi?

Mtoto wa katekista alitoka. Naye sasa alikuwa na mvi. Mikono yake ilikuwa imelowa maji. Aliweka kiganja kifuani pangu, kwa upole kabisa, na akakiacha hapo.

"Mwalimu," akasema, "waitu, humu ni ndugu tu."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani labda kuna jambo la kanisa, au wanawake wako ndani. Niliendelea kumtazama nikisubiri anipishe. Naye aliendelea kunitazama, macho mekundu, mpaka nikaelewa. Ningeweza kumwangusha pale pale mlangoni. Alikuwa amesimama vibaya, uzito wote kwenye mguu mmoja, kosa nililomkemea tangu ujana wake. Na yeye asingeweza kukasirika, kwa kuwa mimi si ndugu yake.

Shati langu lilikuwa limelowa alama ya kiganja chake. Nilivaa viatu vyangu, nikaenda kukaa na wageni.